Waya wa Kurudisha Habari

Mtu aliyezaliwa mahali penye umeme wa kudumu hajui kusikiliza injini. Sisi tuliokulia nyanda za juu za Kigoma tulijifunza kusikiliza injini kama wakulima wanavyosikiliza radi. Saa moja jioni jenereta ya misheni, ya hospitali au ya mfanyabiashara mmoja mmoja ilipowashwa, mji ulijua. Ilipoguna kidogo tulijua kwamba mtu fulani ameunganisha pasi ya nguo. Ilipoanza kupanda na kushuka, mara mbio mara taratibu, kama mtu anayehema, tulijua kwamba gavana wake ameharibika. Na ilipozima, redio zote zilizokuwa zikitegemea betri za mawe ziliendelea kuzungumza gizani.

Ninataka kueleza habari ya kifaa kidogo ambacho hakijaandikwa katika historia ya Kasulu wala ya Kibondo, nacho ni sanduku la kutoa umeme wa volti 12 lililotengenezwa kwa mkono. Nilitengeneza mengi. Moja liliwahi kunifundisha jambo ambalo sikulipata katika kitabu chochote, na somo lile lilikuwa na gharama, ingawa aliyelipa hakuwa mimi.

Kwanza nieleze kwa nini masanduku hayo yalihitajika. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini ilipita kusini yetu. Kasulu ilibaki mlimani, na Kibondo mbali zaidi kaskazini, mwendo wa siku nzima kwa lori pindi barabara ilipokuwa mbaya. Kila kilichotoka Dar es Salaam kilishushwa Kigoma na kupandishwa vilima kwa gari. Umeme haukuwa kitu cha kupakiwa katika behewa. Ulitufikia ukiwa umefungwa ndani ya betri.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na baada ya Uhuru Radio Tanzania ikawa ndiyo gazeti, shule na saa ya ukutani kwa watu wengi wa vijijini. Mwaka 1966 kampuni ya Matsushita ilianzisha kiwanda Dar es Salaam kutengeneza betri na redio za National, na jina hilo likawa kama jina la betri yenyewe. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bidhaa ziliadimika nchini kote. Betri ziliuzwa kwa kujuana. Watu walizianika juani ili zipate nguvu kidogo zaidi, na walizipanga sita au nane ndani ya ganda la muanzi kuongezea zile za redio. Aliyekuwa na betri ya gari alikuwa tajiri. Lakini betri ya gari nayo huisha, na kuichaji kulihitaji jenereta na kifaa cha kushusha umeme wa volti 230 uwe volti 13 au 14. Hapo ndipo kazi ya mafundi wa nyumbani ilipoanzia.

Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu wakavuka mpaka kwa makundi. Mwishoni mwa 1996 vita vya Kivu vikawaleta Wakongo kwa kuvuka Ziwa Tanganyika. Katika Wilaya ya Kasulu zilikuwapo kambi za Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu. Katika Wilaya ya Kibondo, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Kakonko, zilikuwapo Mtendeli, Kanembwa, Nduta na Karago. Kule Ngara, Shirika la Wajesuti la Kuhudumia Wakimbizi lilikuwa limeanzisha Radio Kwizera mwaka 1995. Pamoja na magari na mahema zilikuja redio za upepo, zile za kusema na kusikiliza. Ghafla katika misitu yetu ya miombo palikuwa na redio kila kambi, kila zahanati, kila gari, na zote zilitaka kitu kimoja: volti 13.8, zisizoyumba.

Neno "zisizoyumba" ndilo lililotupa kazi. Kushusha umeme ni rahisi. Transfoma hushusha, dayodi nne hunyoosha, kapasita kubwa hutuliza mawimbi. Lakini umeme unaotoka hapo ni kama maji ya kijito: redio ikiwa imekaa kimya unakuta volti 24, ikianza kurusha sauti zinaporomoka, na jenereta ikiguna nazo zinaguna. Lazima pawepo kitu cha kuangalia na kurekebisha.

Mpango tulioutumia ulikuwa wa zamani na wa kueleweka. Palikuwa na transista kubwa za 2N3055, ambazo kampuni ya RCA ya Marekani ilizileta sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ambazo ungeweza kuzitoa katika mashine mbovu ya muziki. Hizo zilikuwa mlango ambao umeme wote hupitia. Palikuwa na transista ndogo, aghalabu BC107, ambayo nitaiita bawabu: ndiyo iliyosukuma mlango ufunguke au ujifunge. Bawabu alikuwa na jiwe la mizani, yaani dayodi ya zena ya volti 5.6, ambayo hushikilia volti zake hata kama mengine yanabadilika. Na palikuwa na mjumbe: waya mwembamba uliotoka mwisho wa sanduku, ukapitia resista mbili za kugawanya, ukarudi kwa bawabu na habari ya volti ngapi zinatoka. Bawabu hulinganisha habari na jiwe. Habari ikizidi, hufunga mlango kidogo, ikipungua, hufungua. Wahandisi huita mrejesho. Sisi tuliuita waya wa kurudisha habari.

Wazo hilo si la jana. James Watt alilitumia mwaka 1788 katika injini ya mvuke: mipira miwili inayozunguka hutanuka injini inapokimbia, na kule kutanuka kunapunguza mvuke. Ndiyo asili ya gavana iliyomo katika jenereta zetu. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell aliandika kwa hesabu kwa nini gavana nyingine hutulia na nyingine huhangaika bila kukoma. Katika umeme, aliyelishika wazo hilo alikuwa Harold Black, mhandisi wa maabara za Bell huko Marekani. Alikuwa ametafuta kwa miaka namna ya kuzuia vikuza sauti vya simu visipotoshe maneno. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, akiwa ndani ya kivuko akivuka Mto Hudson kwenda kazini, jibu lilimjia, akalichora juu ya ukurasa wa gazeti la New York Times alilokuwa nalo: rudisha sehemu ya kinachotoka, kilinganishe na kilichoingia, na ukiruhusu kosa lijisahihishe lenyewe. Hati ya uvumbuzi aliipata mwaka 1937, karibu miaka kumi baadaye, kwa kuwa watu hawakuamini kwamba mtu anaweza kutupa sehemu ya nguvu yake kwa makusudi na akafaidika.

Mimi niliyajua hayo kama mtu anavyoijua ramani ya mji ambao hajaufika. Aliyenifikisha alikuwa mzee mmoja mkimbizi, fundi kutoka upande wa Uvira, niliyemkuta Nyarugusu mwaka 1997. Alikuwa na meza ya mbao za masanduku, mita moja yenye mshale, na msumari uliochomekwa katika mpini wa mti ambao aliupasha moto kwa mkaa ili kulehemu risasi. Wakimbizi hawakuruhusiwa kwenda mbali na kambi bila kibali, kwa hiyo mimi niliyekuwa na ruhusa ya kuingia ndiye niliyemfuata.

Siku ya kwanza nilimpelekea sanduku lililonishinda. Nilikuwa nimebadilisha transista tatu na zote zimeungua. Hakulifungua. Akaniuliza, "Kijana, linakosea upande gani? Linatoa nyingi ama linatoa chache?"

Nikamwambia linatoa nyingi, volti 24.

"Basi habari haimfikii bawabu, ama mlango umevunjika na bawabu anaita bure. Ni mambo mawili tu. Kwa nini umebadilisha vitu vitatu?"

Hilo ndilo somo la kwanza, na msomaji asiyeshughulika na umeme anivumilie kidogo, kwa kuwa lina maana hata nje ya sanduku. Katika saketi ya kawaida kosa huenda njia moja, kama maji katika mtaro: ukiona pakavu, unapanda juu hadi ufike palipoziba. Katika saketi yenye mrejesho kosa huzunguka. Mlango ukikosea, bawabu huonekana amekosea kwa kuwa anajaribu kuurekebisha. Bawabu akikosea, mlango huonekana mbovu. Kila unapopima unakuta volti zisizo za kawaida, na kila kifaa kinamsingizia mwenzake. Anayepima na kubadilisha tu atabadilisha sanduku zima.

Mzee yule alikuwa na njia yake. Kwanza aliunganisha taa ya wati 100 mfululizo na transfoma, ili kama kuna shoti, taa iwake badala ya transista kuungua. Pili, alivunja mzunguko. Alifungua waya unaotoka kwa bawabu kwenda kwenye mlango, na akaufunga mlango kwa kuunganisha besi na emita yake. Mlango ulio mzima hapo hufunga na volti zinashuka hadi sifuri. Kama bado zinatoka 24, mlango umeungua na hakuna haja ya kumsumbua bawabu. Tatu, kama mlango ni mzima, alimpima bawabu peke yake: jiwe la mizani lina volti 5.6? Besi yake, penye habari, ina ngapi?

Na kosa lenyewe lina upande. Waya wa kurudisha habari ukikatika juu, bawabu hapati neno lolote. Anadhani nje ni kukavu, anafungua mlango wote, na sanduku linatoa kila lilicho nacho. Lakini resista ya chini ikikatika, habari yote inamfikia bila kugawanywa. Anadhani nje kumefurika, anafunga, na sanduku linatoa volti kama 6 tu. Kwa hiyo kimya huleta mafuriko, na kutia chumvi huleta ukame. Katika sanduku langu resista ya juu ilikuwa imepasuka mguu, ufa usioonekana kwa macho. Transista zangu tatu ziliungua kwa kuwa niliwasha sanduku bila kujua kwamba mjumbe hayupo.

Somo la pili lilikuwa la filimbi. Sanduku jingine lilionyesha volti 13.8 kamili, mshale umetulia, lakini transista zilichemka bila mzigo na redio ilinguruma. Mzee akachukua redio ndogo ya mawe, akaiwasha kwenye mawimbi ya kati mahali pasipo na stesheni, akaisogeza. Redio ikapiga mluzi. Akaizungusha juu ya sanduku na mluzi ukazidi karibu na waya mrefu uliokwenda kwa bawabu. "Anahangaika," akasema. "Anafunga na kufungua upesi kuliko mlango unavyoweza kumfuata." Ni ugonjwa ule ule wa jenereta inayohema, ule ambao Maxwell aliuandikia na ambao Harry Nyquist, naye wa maabara za Bell, aliuwekea kanuni mwaka 1932. Habari inayofika imechelewa huleta amri iliyochelewa, na amri iliyochelewa hukuta hali imekwisha kugeuka. Mita haikuona kitu kwa sababu mita huonyesha wastani tu. Tukafupisha waya, tukaweka kapasita ndogo kati ya kolekta na besi ya bawabu ili asiwe na pupa, na nyingine kwenye mdomo wa kutolea. Mluzi ukanyamaza. Oskiloskopu ya kutazamia mambo hayo nilikuja kuigusa miaka mingi baadaye, lakini bado hupenda kuanza na redio ndogo.

Nilirudi nyumbani nikijiona fundi kamili. Nilitengeneza masanduku nikayauza Kasulu, Makere na Kibondo. Kila moja nililijaribu mezani kwa taa mbili za mbele za gari, za wati 55 kila moja, kwa saa nzima. Volti hazikutikisika.

Mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998 zilinyesha mvua za El Niño. Zilikata barabara nyingi nchini na kuiharibu reli ya kati. Zahanati moja ya vijijini, ambayo sitaitaja, ilikuwa na redio ya VHF ya wati 25 kwa ajili ya kuita gari la wagonjwa. Betri yake ilikuwa imekufa, na mpya ilikuwa imekwama njiani. Wakaniomba sanduku la kutumia pamoja na jenereta yao ndogo hadi betri ifike. Nililifunga katika stoo, karibu na jenereta, kwa kuwa lilitakiwa pia kuwasha taa ya chumba cha kujifungulia. Kutoka stoo nilivuta waya wa kawaida wa nyumba, wa milimita mraba 1.5, umbali wa mita 15 hadi chumba yenye redio. Nikapima kwenye sanduku: 13.8. Nikaondoka.

Baada ya wiki moja muuguzi mkuu, mama wa makamo, alinikuta sokoni. Nikamwamkia. Akaitikia na kusema, "Mwanangu, ile redio inasikia vizuri lakini haisemi. Tukibonyeza inakatika."

Nilikwenda siku ile ile. Nikafungua stoo, nikaweka mita kwenye sanduku, nikamwomba abonyeze. 13.8. Akaachia. 13.8. Nikamwambia kwa heshima yote, lakini kwa uhakika wa kijana, "Mama, umeme uko sawa, nimepima mwenyewe. Labda ni redio, au antena imelowa." Akasema, "Mimi sijui mita. Najua hawanisikii." Nikamwahidi kumwambia mtu wa redio.

Usiku wa siku ya nne baadaye aliletwa mama aliyekuwa na uchungu tangu asubuhi, na mtoto amekaa vibaya. Waliwasha jenereta, wakaita, wakasikia hospitali ikijibu mawasiliano ya watu wengine, lakini wao hawakusikika. Mwishowe kijana alitumwa kwa baiskeli katika matope. Gari lilifika kukiwa kumepambazuka. Mama alipona. Mtoto hakupona. Sidai kujua kwamba gari lingewahi kama redio ingesema. Barabara zilikuwa vile zilivyokuwa. Lakini tangu siku ile sijaweza kusema pia kwamba lisingewahi.

Nilirudi pale na mita, na safari hii nikaenda kwanza penye redio. Kimya, mita ilionyesha 13.6. Muuguzi akabonyeza: 11, na redio ikakatika. Nikakaa chini nikapiga hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari angeipiga. Mita 15 kwenda na 15 kurudi ni mita 30 za waya mwembamba, yaani kinzano ya kama theluthi moja ya omu. Redio ikisikiliza tu hunywa nusu ampea, na waya unakula kidogo usichokiona. Ikisema hunywa ampea 8, na waya unakula karibu volti 2 na robo tatu. Sanduku langu halikuwa na kosa hata moja. Lilikuwa likitimiza kazi yake kikamilifu, likishikilia 13.8 kwa nguvu zote, mahali ambapo hapakuwa na redio. Mjumbe nilimweka kwenye mdomo wa sanduku, akawa anarudisha habari za kweli kutoka mahali pasipohusika.

Na mimi nilifanya vilevile. Nilipima mahali paliponipa jibu nililolitaka. Yule mama alikuwa amesimama penye mzigo na kuniletea habari sahihi kuliko ya mita: inasikia, haisemi. Maneno hayo mawili yalitosha. Fundi aliyefunzwa na mzee wa Nyarugusu alipaswa kuyatambua mara moja, kwa kuwa kifaa kinachoweza kazi ndogo na kushindwa kazi kubwa kinanyimwa nguvu njiani. Lakini kwa kuwa hakuwa na mita, nilimhesabu kuwa si mjumbe.

Matengenezo yalikuwa madogo. Nilivuta waya mbili nyembamba za ziada kutoka kwenye redio hadi kwa bawabu, ili ahesabu volti za pale zinapotumika. Kwanza redio ikasema, lakini kwa mngurumo: sanduku lilijitahidi kutoa volti za ziada za kufidia waya, likafika mwisho wa uwezo wake. Mrejesho hauwezi kutoa ambacho ghala halina. Basi nikatafuta waya mnene wa milimita mraba 6, na upungufu ukashuka chini ya volti moja. Kisha nikaweka resista za omu 100 kati ya mdomo wa sanduku na waya hizo za habari, ili siku panya akizitafuna bawabu asibaki gizani na kuachia volti 24 ziunguze redio. Kazi yote ilinichukua mchana mmoja. Ingenichukua mchana mmoja pia siku ile ya sokoni.

Nimekuwa nikifikiri juu ya waya huo mwembamba kila ninaposoma habari za mkoa wetu. Mwaka 1972 ilifanyika Operesheni Kigoma, na watu wa Kasulu na Kibondo, waliozoea kukaa kila ukoo kwenye kilima chake, walikusanywa katika vijiji. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba hadi mwisho wa 1976 kila mtu nchini awe kijijini. Shule zilikuja kwa njia hiyo, na visima, na zahanati kama ile niliyoieleza. Sitaki kuwa mtu wa kula matunda na kuutukana mti. Lakini kipimo kilichopanda juu kilikuwa hasa idadi ya waliohama. Hiyo ni habari ya mdomo wa sanduku. Hali ya shamba jipya, umbali wa shamba la zamani, mavuno ya mwaka wa pili, hizo zilikuwa habari za penye mzigo, na waya wake haukuvutwa mapema. Aliyekuwa juu aliweza kuona namba iliyotulia na kuamini, bila uongo wa mtu yeyote, kwamba mambo yako sawa. Nilivyokuwa mimi katika stoo ile, siwezi kumcheka.

Tofauti ni kwamba serikali ina watu wengi wa kulaumiana, na mimi nilikuwa peke yangu na mita yangu.

Masanduku yale sasa yamepitwa. Tangu miaka ya 1970 kazi yote ya bawabu, jiwe la mizani na mjumbe iliweza kuwekwa katika kipande kimoja chenye miguu mitatu, kama LM317 ya mwaka 1976, na siku hizi chaja ya simu hufanya zaidi ya hayo ndani ya kiganja. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012. TANESCO walikuja kufunga mitambo ya dizeli Kasulu na Kibondo, na mwaka 2022 umeme wa gridi ya taifa ukafika kutoka upande wa Nyakanazi, mitambo ile ikazimwa. Watoto wetu hawatajua kusikiliza injini, na sioni sababu ya kuwasikitikia.

Mzee wa Nyarugusu sikuagana naye. Niliporudi kambini mwaka uliofuata meza yake ilikuwa na mtu mwingine, na nikaambiwa amevuka ziwa kurudi kwao. Sikupata nafasi ya kumweleza habari ya zahanati. Nadhani angeniuliza tu: linakosea upande gani, na uliposimama kupima palikuwa wapi?

Hata sasa huitwa na majirani, hasa walio mwisho wa laini, ambao hununua stabilaiza na kuiona kama dawa. Huwaambia wawashe kila kitu kwanza: jokofu, pasi, pampu, taa zote. Kisha husimama jikoni, si kwenye mita ya ukutani, na humwomba mwenye nyumba anieleze kwa maneno yake kinachotokea. Hapo ndipo hutoa mita yangu mfukoni.